Nipime Tena Pasaka

Kazi yangu ni mizani.
Tangu saa kumi na moja alfajiri, Mwaloni Kirumba,
nasoma mshale, gunia kwa gunia la dagaa,
na ujanja wote wa mizani naujua:
kokoto chini ya sahani,
dagaa walionyunyiziwa maji usiku,
kidole gumba cha mwenye haraka.
Kwa hiyo usinichezee, Leokadia,
na hicho kimashine chako chenye vishikio viwili.

"Vua ndala. Shika. Usiongee."
Nikashika. Kikafikiri.
Arobaini na moja, kikaandika,
nami nikadhani kimenisoma umri.
"Si miaka, Sundi. Ni asilimia.
Katika kila kilo mia zako, arobaini na moja ni mafuta."
Kilo mia sina. Nina themanini na nne.
Nikapiga hesabu kichwani, nimezoea:
thelathini na nne na ushee.
Karibu gunia zima!
Miaka yote nalipandisha mawe ya Mabatini
na sijamdai mtu ujira wa ukuli.

"Basi yatoe," nikasema. "Yote."

Leokadia akaweka kalamu chini.
"Ukiyatoa yote tutakuzika.
Mwanamke ana mafuta ya lazima,
ni mbegu ya msimu ujao, hailiwi hata njaa ikibisha hodi.
Kwandu wa Nyamanoro umemsahau?
Tango asubuhi, tango jioni, na ile chai ya pakiti.
Mtaa mzima ukamsifu kiuno.
Miezi mitano hakuziona siku zake,
nywele zikabaki kwenye kitana,
na sifa zikaendelea
mpaka alipoanguka bombani na ndoo yake."

Nikanyamaza. Nami nilikuwa nimemsifu.

"Kwa umri wako, theluthi haina ubaya.
Ikishuka kidogo, vizuri. Tuseme thelathini na mbili.
Wala si kwa mwezi mmoja."
Nikaandika kwenye daftari la madeni,
maana ndilo nililokuwa nalo:

*Mama Ng'washi, madebe mawili, bado.*
*Mzee Bugonzi, elfu kumi na nne, bado.*
*Sundi, asilimia tisa, bado.*

Ilikuwa Oktoba.
Chapati tatu zikawa moja. Soda ya saa saba nikaiacha,
nikairudia, nikaiacha.
Sato nikamchemsha na nyanya na ndimu,
yale mafuta ya kukaangia, meusi kama lami, nikayamwaga.
Mawe ya Mabatini nikayapanda bila mzigo kichwani,
watoto wakiuliza, mama, unamkimbia nani?
Mama mkwe akaja kutoka Magu,
akanizunguka kama anayenunua ng'ombe mnadani:
"Mwanangu anakunyima chakula?"
Na majirani, wenye kunong'ona, wakanong'ona ugonjwa.

Januari, mizani ya dagaa ikasema themanini na mbili.
Kilo mbili tu!
Miezi mitatu ya kutazama michembe ya wenzangu!
Kidogo niiburute hiyo mizani niitose ziwani.
Lakini kitenge cha Krismasi kilikuwa kimenizunguka
na ncha ikabaki, ya kufungia pesa.
Kimashine kikasema thelathini na saba.
"Nyama imeongezeka, mafuta yamepungua," akasema Leokadia.
"Mizani inajua uzito. Haijui umebeba nini."
Mimi, mtu wa mizani, nikaambiwa hivyo
na binti niliyemwona akiota meno.

Leo asubuhi mnunuzi wa sangara
kambonyeza mmoja tumbo, akatabasamu:
"Huyu ana mafuta!" na bei ikapanda.
Nikacheka peke yangu hadi wakaniuliza kulikoni.

Madeni mengine yamelipwa. Langu bado.
Nipime tena Pasaka, Leokadia.
Ikiwa ni thelathini na tano, andika thelathini na tano.
Usiniwekee kidole.